Ushenga wa riwaya

Jumatatu mdogo wangu wa Tanga aliniandikia: "Kaka, nitumie kitabu cha hadithi. Kizuri." Basi, hakuongeza kitu. Neno hilo la mwisho lilinikosesha raha wiki nzima, maana kumchagulia mtu riwaya ni ushenga. Ndoa ikienda kombo, atakayekumbukwa ni yule aliyepeleka posa.

Na katika nyumba hiyohiyo nina kosa la zamani. Mwaka juzi shemeji alikuja Dar kumuuguza mama yake, akaniomba kitu cha kumpitishia muda kwenye mabenchi ya hospitali. Nikampa Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Nilitazama wembamba tu: kurasa hazifiki mia, kinaingia kwenye mfuko wa koti, atakimaliza kabla mgonjwa hajaitwa. Siku ya tatu akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zake zote. "Shemeji, hivi huyu bwana anakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nimekianza mara tatu tangu nilipokinunua, na mara zote tatu nimepotelea njiani. Nakipenda kama mtu anavyompenda mkwe wake, kwa heshima na kwa mbali.

Kwa sasa kando ya kitanda changu kuna viwili. Cha kwanza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Oktoba 2021, Gurnah alipopata Nobel, sote tuliirusha picha yake kwenye makundi ya WhatsApp, "wetu huyu, wa Unguja", na wengi wetu hatukuwa tumesoma hata ukurasa wake mmoja. Nilikuwemo. Kwa aibu nikaitafuta ya Kiingereza nikaisoma, nikaipenda, lakini kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza nisikijue jina. Sasa nakijua. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Khalil anauza dukani. Wapo wapagazi, wapo wanyapara. Hakuna hata mmoja wao ambaye angezungumza Kiingereza vile. Ninapoisoma sasa naona kama Kiingereza ndicho kilichokuwa tafsiri.

Chukua neno rehani. Nilipoisoma mara ya kwanza nilielewa vizuri kwamba Yusuf kachukuliwa kwa sababu ya deni la baba yake, kapelekwa kwa tajiri Aziz ambaye mtoto wa watu alidhani ni ndugu yao. Nilielewa, nikageuza ukurasa. Lakini rehani naifahamu tangu utotoni. Rehani ni herini za mama zilizokwenda kukaa kwa mkopeshaji wa mtaani mwaka niliotakiwa kulipa ada, na kila mwezi mama alisema zitarudi mwezi ujao. Hazikurudi. Kumbe huyu mtoto kawekwa pale zilipokaa herini! Nilikifunga kitabu nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa, na nilikuwa nimelifunga mwenyewe.

Nisiisifu mno. Safari ya bara, katikati, ni ndefu. Maradhi, hongo kwa machifu, mizigo, maradhi tena. Nimekuwa nikiisoma kwenye daladala kurasa nne nne na kuna siku nilisinzia hadi nikapitiliza kituo. Labda msomaji anatakiwa achoke pamoja na wapagazi. Labda ni mimi na foleni ya Mbagala.

Cha pili ni Rosa Mistika, Kezilahabi tena, lakini huyu wa 1971 anayeeleweka na kila mtu. Kilieleweka mno hata kikapigwa marufuku mashuleni kabla hakijaja kuwa kitabu cha mtihani. Mimi nilikisoma kwa ajili ya mtihani. Nilijibu swali la malezi kwa hoja sita, kila hoja na mfano wake, nikapata alama nzuri, na sikukisoma tena miaka ishirini.

Mnakumbuka ile barua? Rosa anaandikiwa na mvulana, baba yake Zakaria anaigundua, anampiga. Shuleni nilimchukia Zakaria bila taabu yoyote: mlevi, mkatili, hoja namba moja. Juzi nimefika ukurasa huohuo na binti yangu yuko kidato cha pili. Simu yake ikalia mezani, jina la mvulana kwenye kioo. Nikaitazama. Ikalia tena. Nilimwelewa Zakaria kwa muda kama wa kumeza mate, na sikupenda kabisa kumwelewa.

"Njoo uchukue simu yako," nikamwita.

Akaja, akaichukua, akanitazama usoni kama anayesubiri neno la pili. Sikuwa nalo. Nimeendelea na kitabu, na safari hii anayenishughulisha ni Regina, mama wa Rosa, ambaye kwenye ule mtihani sikumpa hata sentensi moja. Ukikirudia, msome huyo.

Sasa mdogo wangu. Peponi sijaimaliza, na kitabu ambacho sijakimaliza hakitoki nyumbani kwangu. Rosa nitampa, lakini si mwaka huu, ana mabinti wawili wanaokua na mawazo yake yanamtosha. Nilifikiria Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ambayo ningempa mtu yeyote nikiwa nimefumba macho, angalau kwa ajili ya Mwajuma, shoga wa Yasmin, maana kila mtu anahitaji shoga kama yule. Ila filamu ya Amil Shivji ameshaiona. Ataniambia "naijua hiyo", na huwezi kumshawishi aliyeona filamu kwamba hajaijua.

Mwishowe nikachukua Mzimu wa Watu wa Kale. Mohamed Said Abdulla, 1960, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, maiti iliyokutwa mzimuni. Hadithi za upelelezi niliwahi kuzidharau, ujinga wa ujana. Mdogo wangu ni mtu wa kukisia: akiangalia tamthilia huanza kumtaja mwenye hatia kabla ya tangazo la kwanza, na hukosea kila mara kwa sauti kubwa. Nikakifunga kwenye gazeti, Jumatano nikakipeleka stendi, konda akakiweka juu ya dashibodi.

Jana saa tano usiku simu imeita. Sikupokea, nikamwachia aandike.

"Kaka nimeshamjua. Nikwambie?"

Kisha: "Usiniambie kama ndiye."

Kisha: "Lakini ndiye, eti?"

Nimeizima simu nisije nikamjibu.