Gofu ya diski Kigamboni: pua imeshuka

Imekubali. Gofu ya diski ni mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo kwa mirusho michache iwezekanavyo, na leo yangu imenitii. Kwenye kile kiwanja cha mchanga nyuma ya mikorosho, midreinji, diski ya masafa ya kati, imetoka mkononi ikaenda bapa, kimo cha kifua, ikanyooka, na mwishoni kabisa ndipo ikakata kushoto, kama inavyotakiwa kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi, mkono ukivuka mbele ya kifua. Nikaifuata, nikaiokota, nikarusha tena. Vilevile. Naandika sasa hivi, mkono ukiwa bado unakumbuka, maana tatizo hili la pua ya diski, yaani ukingo wake wa mbele, kuinuka limenila miezi na najua wengi wanaoanza wamekwama hapohapo.

Mnalijua. Diski inatoka vizuri, inakwenda mita chache, halafu inaanza kupanda. Inapanda mpaka inasimama hewani, inalala upande wa kushoto na kuanguka karibu. Ukiongeza nguvu inapanda zaidi. Wapita njia wanashangilia kwa sababu ikiwa juu inapendeza kuitazama, wakati wewe unaona mita zako zote zimeishia angani.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kununua draiva, diski ya kurusha mbali. Naupinga kwa moyo wote. Draiva yenye namba ya kasi 12 au 13 imetengenezwa kwa mkono wenye kasi hiyo. Irushe polepole, itakata kushoto mapema hata kama mrusho wako ni safi, na pua ikiwa juu ndiyo kabisa. Anayeanza anajikuta ana matatizo mawili yanayofanana kwa macho, asijue lipi ni la diski na lipi ni la mkono. Puta, diski ya kulengea kikapu kwa karibu, na midreinji zinatosha. Aviar, puta ya Innova, ina namba 2, 3, 0, 1: kasi ndogo, inaelea kiasi, haigeuki kulia, na inakata kushoto kidogo tu mwishoni. Buzzz, midreinji ya Discraft, ni 5, 4, -1, 1. Diski za namna hii zinaonyesha ulichofanya bila kuficha. Ukitaka draiva kwa lazima, ishia kwenye Leopard, 6, 5, -2, 1, na uichukue baada ya puta kukutii.

Turudi kwenye pua. Ukingo wa mbele wa diski ukiwa juu kuliko njia inayopitwa na diski, hewa inapiga tumboni. Diski inapata msukumo wa kwenda juu, lakini pia inakabwa, kasi inakufa. Kasi ikifa, diski inayozunguka kwa mwendo wa saa inaanza kulalia kushoto. Kwa hiyo kule kuanguka kushoto, ambako wengi wanahangaika kukutibu kwa kuinamisha diski kulia, ni matokeo tu. Nimeona watu wakirekebisha mwinamo wa kushoto na kulia wiki hadi wiki huku ukingo wa mbele unaendelea kutazama mawingu.

Na hapa ndipo palipokuwa na fundo kubwa kuliko yote. Tunaambiwa "shusha pua", tunaipima kwa kulinganisha na ardhi. Sivyo. Pua inapimwa kwa kulinganisha na njia ya diski. Diski ikirushwa kwenda juu kidogo na ikiwa imeinuka kwa kiasi hichohicho, pua yake iko sawa kabisa. Ikirushwa sambamba na ardhi huku imeinuka nyuzi chache tu, imeharibika. Ndiyo maana mtu anaweza kuitazama diski yake mkononi, akaiona imelala vizuri, akarusha na bado ikapanda.

Mpwa wangu ndiye aliyefungua njia. Alikaa pembeni na simu, akapiga video ya mwendo wa polepole, kisha akaja ananionyesha huku amekunja uso. "Anko, mkono unakwenda huku, diski inaangalia huku." Kidole chake kilichora mistari miwili kwenye kioo cha simu na mistari ile haikuwa sambamba. Anayeanza na atafute mtu wa kumpigia video kutoka ubavuni, simu ikiwa kimo cha kifua. Video ya kutoka nyuma haina faida kwa tatizo hili. Inaonyesha mwinamo wa kushoto na kulia, haionyeshi pua.

Baada ya hapo nilishughulika na vitu vitatu, na naviandika kwa uzito wake.

Kiganja ndicho kizito zaidi. Mwangalie muuza kahawa anapomimina kikombe: birika haliinuliwi, kifundo cha mkono ndicho kinachoinama kuelekea upande wa kidole kidogo. Mwendo huohuo, mdogo tu, ukiufanya umeshika diski, ukingo wa mbele unashuka. Lazima uwe umeinama tangu diski iko nyuma na ubaki hivyo mpaka inatoka. Ukisubiri kuinamisha wakati wa kuachia, umechelewa, kasi ya mkono inakuzidi na kiganja kinarudi juu chenyewe. Nilianza kurusha bila hatua, nimesimama wima, nikivuta kutoka kifuani tu, kiganja kikiwa kimeshuka. Mita kumi na tano, ishirini. Haivutii macho hata kidogo na ndiyo kazi iliyoleta mabadiliko.

Cha pili ni mahali diski inapokaa mkononi. Ikikaa juu, kwenye shina la kidole cha shahada, inainuka yenyewe. Iteremshe ifuate mstari wa kiganja, ukingo wa nyuma uegemee chini ya nyama ya dole gumba, mpaka diski na mkono wa mbele viwe mstari mmoja. Dole gumba libonyeze karibu na ukingo, lisitambae katikati.

Cha tatu ni uzito wa mwili. Ukibaki umeegemea mguu wa nyuma, bega la mbele linainuka na kila kitu kinapanda nalo. Hilo halikunisumbua sana, kwa hiyo sina la kuongeza.

Lakini mwalimu halisi alikuwa upepo. Kusi inavuma, na hapa pwani huhitaji kuitafuta. Upepo wa mbele unaifanya diski ijisikie ina kasi kubwa kuliko iliyo nayo: ikiwa bapa inaelekea kugeuka kulia, na pua ikiwa imeinuka hata kidogo inanyanyuliwa na kurudishwa karibu na miguu yako. Upepo wa nyuma unafanya kinyume, diski inakosa kuelea na inakata kushoto mapema. Watu wengi wanaoanza wanausubiri utulie, wanakuja alfajiri kabla haujaamka. Mimi nimegeuza ratiba. Nakwenda saa kumi alasiri, naukabili uso kwa uso, narusha puta kwa nguvu ndogo. Puta ikipita chini na kwenda mbele, pua imeshuka. Ikinyanyuka, haijashuka, na huna haja ya video. Mtu wa Dar ana bahati ya kuwa na kipimo hiki nusu ya mwaka, kisha kaskazi inakuja na kukileta kutoka upande mwingine.

Kwa sababu ya upepo huohuo nina maoni kuhusu uzito. Sheria za chama cha kimataifa, PDGA, zinaruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, yaani diski ya sentimita 21 inafika takribani gramu 174. Diski nyepesi ni rahisi kuzungushwa na mkono mgeni, nakubali, ila ufukweni inapeperushwa hovyo. Kwa puta nachukua nzito, karibu na mwisho wa kipimo. Rangi iwe ya waridi au chungwa kali. Ya kijani inamezwa na nyasi na nyeupe inamezwa na mchanga. Na kaeni mbali na maji. Diski nyingi zinazama, na bahari haikusubiri uvue viatu. Penye miamba ya matumbawe pia sipendi kurushia, inatafuna ukingo, na ukingo ukishachanika diski inaruka tofauti.

Sasa kikapu. Nilipanga hatua hii iwe ndiyo habari kuu. Ringi mbili za baiskeli nimezipata Kariakoo, bomba la katikati pia, nikavuka navyo kwenye pantoni watu wakiuliza kama nafungua gereji. Fundi wa kuchomelea aligeuza ringi mara mbili tatu, akasema, "Sasa kaka, hiki kinabeba nini?" Nikamtupia puta. Aliishika, akaipima mkononi, na tangu hapo amekuwa na maoni kuliko mimi.

Ringi ya juu inaning'iniza minyororo, ya chini ni mdomo wa kikapu, na mdomo unapaswa kuwa sentimita 82 kutoka ardhini, pakiruhusiwa tofauti ya sentimita 6 juu au chini. Kazi ya mnyororo ni kunyonya kasi ili diski idondoke chini yake, kwa hiyo mwembamba haufai: diski inapenya, inagonga bomba na kurudi nje. Tumekubaliana safu mbili, ya nje na nyingine ya ndani karibu na bomba. Uwe uliopakwa zinki, kwa chumvi ya huku mnyororo mtupu hauna maisha. Minyororo hiyo bado sijainunua yote, bei yake imenifanya nikae chini. Kitako kilikuwa kiwe tairi kuukuu lililojazwa zege, halafu rangi ya njano.

Kitako na rangi vimeahirishwa, kwa sababu nikiwa nahesabu bei ya minyororo nilikumbuka kwamba mchezo huu haukuanza na kikapu. Ed Headrick, yule wa kampuni ya Wham-O, alifungua uwanja wa Oak Grove huko California mwaka 1975, na walikuwa wanalenga nguzo. Kikapu chake chenye minyororo alikipatia hataza mwaka 1977. Kabla yake watu walilenga miti, nguzo na mapipa ya taka, na wakacheza kwa raha zao.

Miti tunayo. Nimefunga vipande vya kanga kuukuu kwenye mashina, kipande kimoja kimo cha goti na kingine kimo cha kifua. Diski ikigusa shina katikati ya vipande hivyo, imeingia. Mikorosho minne, mwarobaini mmoja, na minazi miwili ambayo nimehakikisha haina madafu wala makuti yanayoning'inia, maana kusi inaangusha bila hodi. Umbali ni kati ya mita 40 na 60, ili mtu anayeanza afike kwa mirusho miwili na wa tatu auweke. Shina ni jembamba kuliko kikapu, kwa hiyo anayezoea kuligusa atakikuta kikapu kipana.

Mpwa wangu amekwishadai sheria ya mita 10: ukiwa ndani ya umbali huo kutoka kwenye shabaha, usianguke mbele ya alama yako, pale diski ilipotua, baada ya kurusha, uonyeshe umesimama imara kwanza. Tumeipitisha. Watoto wa jirani walikuwa wanarusha mifuniko ya ndoo za rangi, nikawapa Aviar moja wabadilishane, na mmoja wao, mwenye miaka kama tisa, anashusha pua bila kuambiwa na yeyote. Nimemwomba mpwa ampige video kutoka ubavuni, nataka kuona kiganja chake kinafanya nini akiwa nyuma kabisa. Minyororo itasubiri mwisho wa mwezi.