Daka la kwetu na funguo za emaili

Leo binamu yangu kaniuliza tena, wewe waficha nini mpaka emaili unazipiga kufuli, umekuwa jasusi? Nikacheka tu. Lakini sababu ninayo.

Mwaka jana kaka yangu aliye Mombasa alinitumia majibu ya vipimo vya mama kwa emaili. Laptop ilikuwa imeharibika, nikaenda saiba hapa mjini, nikadaunlodi, nikaprinti karatasi mbili, nikalipa nikatoka, faili nikaliacha palepale kwenye kompyuta ya watu na wala sikukumbuka. Siku ya pili niko gatini nangoja boti ya Mokowe, mzee mmoja hata simjui vizuri ananishika mkono, "pole sana kwa mama, figo hizo ni mtihani." Figo! Mama mwenyewe alikuwa hajaambiwa bado.

Nilirudi nyumbani nikakaa dakani, ile baraza ya mlangoni, peke yangu na ndo hapo nikawaza. Hizi nyumba zetu za kale za Lamu, mgeni anaketi dakani, kahawa anapewa, na mlango ukiwa wazi bado haoni kiwandani, yaani uani mle ndani, manake njia ya kuingilia imepindishwa makusudi. Sijasikia mtu akimuuliza bibi anaficha nini mle ndani. Ni sitara.

Basi nikajifunza PGP, ile programu ya kufunga ujumbe kwa siri aliyoitoa Phil Zimmermann 1991. Unakuwa na funguo mbili, wa wazi unampa yeyote afunge nao ujumbe wake kwako, wa siri unabaki nao wewe na huo ndo unaofungua. Wangu uko kwenye laptop tu, kwa hiyo hata nikijisahau nikafungua emaili saiba nitaona herufi za ovyo, basi. Haifuniki kila kitu lakini, nani kamwandikia nani bado yaonekana, kichwa cha emaili pia, ndo maana kaka siku hizi kichwa anaandika "samaki" hata kama ni habari ya daktari. Haki yenyewe ya faragha iko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, ila Katiba haikai saiba kunilindia faili.

Kazi ilikuwa kuhakikisha ufunguo wa wazi wa kaka ni wake kweli, tukasomeana kwa simu ile alama ya ufunguo, herufi na namba 40, yeye anacheka, mimi nampigia kelele asiruke. Na sasa kasahau nywila ya ufunguo wake wa siri! Emaili zangu tatu hawezi kuzifungua, itabidi atengeneze ufunguo mpya. Kesho baada ya isha tunasomeana tena zote 40, na safari hii kredito ni yake.