Nilivyoacha kumhukumu mchezaji kwa mechi moja

Winga wetu alikimbia mita 900 kwa kasi kubwa, yaani zaidi ya kilomita 19.8 kwa saa, kisha mechi iliyofuata 640. Nikamwandikia kocha kwamba kijana amechoka. Akawekwa benchi. Baadaye kijana akanifuata: "Kaka, nimekosea wapi?" Swali lile liliniuma, maana sikuwa na jibu.

Nikarudi kwenye takwimu zote za fulana za GPS, zile zinazopima mbio za kila mchezaji. Kwanza niligawa umbali kwa dakika alizocheza kila mtu, na walioingia dakika za mwisho nikawaweka kando. Huingia na nguvu mpya, na hesabu ya kwa dakika huwapendelea mno.

Kisha nikatafuta mtawanyiko wa kila mchezaji, yaani namba zake zinavyopanda na kushuka, dhidi ya wastani wake mwenyewe. Hapa ndipo nilipofunguka macho. Uchambuzi wa Ligi Kuu ya Uingereza uliochapishwa 2010 ulikuta mbio za kasi kubwa za mchezaji yuleyule zikipanda na kushuka kwa takriban asilimia 16 kati ya mechi na mechi, na mbio za kasi ya juu kabisa kwa takriban 31. Wetu hawakuwa mbali na hapo. Tena ukilinganisha mechi mbili tu, zote mbili zinayumba, hivyo unazidisha 16 kwa 1.41 (kipeuo cha pili cha 2) na kupata karibu 23, ambayo ni kuyumba kwa kawaida, si mpaka wa mwisho. Winga alishuka kwa asilimia 29. Kwa mchezaji mzima wa afya, hilo si jambo la ajabu.

Kazi iliyonichukua muda ni modeli inayogawa mtawanyiko mafungu matatu: tofauti kati ya wachezaji, tofauti kati ya mechi, na mchezaji na nafsi yake. Namba nilizigeuza kwanza kuwa logariti, ili mabadiliko yapimwe kwa uwiano, kwa sababu wakimbiaji wakubwa huyumba kwa mita nyingi zaidi. Beki wa kati na winga nao siwaweki kapu moja. Fungu la mechi likaniambia nisichokiona: siku ile karibu timu nzima ilishuka. Tulikuwa tunaongoza, tumerudi nyuma kulinda, na mpira ulitoka nje mara kwa mara.

Nikamwomba kijana radhi, nikamchorea ukanda wake, yaani eneo ambalo namba zake huyumba kwa kawaida: wastani mita 800, chini 540, juu 1,060. Nukta ya 640 ilikuwa ndani. Akaiangalia kitambo, akaniomba nimpigie picha ile karatasi.