Mkono wa Baba na roboti

Tangu Baba apatwe na kiharusi, kila Jumanne tunapanda matatu kutoka Kayole hadi kliniki moja mjini, ambako mtaalamu wa fiziotherapia humkunjua vidole kimoja kimoja, kwa subira ambayo mimi sina. Juzi alinieleza kuhusu MIT-Manus, roboti iliyobuniwa Marekani: mgonjwa hushika mpini na kujaribu kuusogeza kufuata alama kwenye skrini, na mkono unaposhindwa, mashine humsaidia kwa kiasi kinachohitajika tu, ili ubongo upate mazoezi ya kurudiarudia, mamia kwa mamia, bila mtaalamu kuchoka. Nakiri niliitamani. Hata hivyo, nilipopekua zaidi nilikuta utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 770, ambao haukuona roboti hiyo ikiurejeshea mkono uwezo wake kuliko huduma ya kawaida. Baba, nilipomsimulia, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akairudia sahani yake ya maharagwe makavu, ambayo huyahamishia kikombeni punje mojamoja kwa mkono wa kulia. Jana alifikisha punje 14 kabla kikombe hakijapinduka.