Kutoka Tabora mjini hadi maduara ya Nzega

Tabora mjini hadi Nzega ni lami, kilomita kama 115. Stendi nikachukua bodaboda kuelekea Lusu, kule ulikokuwa mgodi mkubwa wa dhahabu wa Golden Pride.

Nilifika Agosti, na mwezi si jambo dogo. Mvua zikianza Novemba maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hujaa maji, kuta hulegea, matimba (magogo yanayozishikilia) huachia. Wasukuma na Wanyamwezi wa vijiji vya jirani hurudi kwenye mpunga na mahindi hadi Aprili. Masika hubaki zaidi wahamaji, watu wa Geita, Mara na Kigoma wanaofuata rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, popote inapotangazwa. Anayehesabu wachimbaji msimu mmoja tu anajidanganya.

Mwenye leseni humwoni sana machimboni. Leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Mtanzania tu, kwa miaka 7, nayo huweza kuhuishwa. Anayeendesha kazi ni mwenye duara: ananunua matimba, baruti na dizeli ya pampu, na ndiye anayelisha vijana. Wanaoshuka na moko (patasi ya chuma) na nyundo hawana mshahara, wanalipwa viroba vya mawe. Mgao hutofautiana, ila unaotajwa sana ni asilimia 30 kwa mwenye leseni, 40 kwa mwenye duara, 30 wagawane wachimbaji. Ugomvi huzuka kwenye gharama, maana hukatwa kabla ya kugawana na daftari analishika mwenye duara. Jiwe likikosekana, kijana ameambulia ugali.

Wanawake wako juu, nje ya shimo: wanaponda mawe, wanaosha kwenye mwalo (ubao wa mteremko wa kunasia dhahabu), wanapika. Wenye duara lao ni wachache. Husemwa mwanamke akisogelea shimo dhahabu hukimbia. Mimi naona kikwazo kikubwa ni mtaji.

Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, ndiko hesabu inakopinda. Mawe husagwa, unga hupitishwa na maji kwenye mwalo uliotandikwa magunia, kinachonasa huchanganywa na zebaki beseni, mara nyingi mikono mitupu, kisha donge huchomwa. Mvuke wake humwingia mchomaji na mtoto aliyebebwa mgongoni. Zebaki huacha sehemu kubwa ya dhahabu kwenye marudio, yaani mabaki ya unga uliooshwa, na marudio kwa kawaida hubaki kwa mwenye karasha. Yeye huyakusanya hadi yatoshe vati (tangi la kuchenjulia), akayachenjua kwa kemikali ya sayanaidi. Kijana aliyeyachimba mawe hayo hana fungu humo.