Presha ilivyonipeleka jikoni

Tangu mke wangu aende Dar kulea mjukuu, mimi dereva mstaafu wa malori ndiye mpishi wa nyumba yetu hapa mtaa wa Sakina, Arusha. Napika vizuri, watu waseme watakavyo. Ila mwanzo ulikuwa aibu.

Nilipimwa presha ikakutwa iko juu, nikaambiwa nipunguze chumvi na mafuta. Nipunguze, basi. Nilipolitaja kijiweni kila mtu akageuka daktari: "Mzee, wewe sasa ni chukuchuku tu!" Nikala chukuchuku wiki mbili. Mchicha nachemsha mpaka unalegea kama kamba, kisha namwaga maji, na vitamini C inaondoka nayo. Na ile vitamini A ya mboga za majani inataka mafuta kidogo ndipo mwili uifyonze, jambo ambalo wale mabwana wa kijiweni hawakulijua. Nilikuwa mkali hadi kwa paka.

Siku hizi mchicha nauweka kwenye maji kidogo sana na kitunguu, nafunika dakika chache, halafu karanga za kusaga. Fungu la mia tano linanitosha.

Lakini kazi ilikuwa kwenye maharage. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Tanga nilikozaliwa. Ndiyo maana maharage huku yana kiburi, na watu wanayatia magadi. Magadi nayo ni sodiamu, ileile ninayoikimbia kwenye chumvi, tena yanaharibu vitamini B1. Juu ya hapo magadi ya huku kaskazini yana floraidi, na floraidi tunayo tele kwenye maji ya kunywa. Angalieni meno ya wenyeji yalivyo ya kahawia.

Nikajiona mjanja. Chumvi sitii, magadi sitii, basi ladha nitaipata kwa nyanya na ndimu. Jumapili moja mkamwana anakuja na watoto, nikabandika maharage asubuhi na mapema, nikakata nyanya sita, nikakamua ndimu mbili, vyote humohumo tangu mwanzo. Kwa muda wa saa nne nzima yanatokota. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ulikuwa mpya wiki ileile, elfu ishirini na kitu, naona moto unapungua na maharage yako vilevile. Nikapakua hivyohivyo. Yaligonga sahani kama changarawe! Mjukuu akatoa moja mdomoni, akalirusha kwa paka, paka akalichezea. Mkamwana akatafuna kwa adabu, akasema, "Baba, mazuri sana. Naomba nibebe yaliyobaki." Nilivimba kichwa siku mbili, mpaka kijana wangu alipokosea akaniambia walikwenda kuyachemsha upya.

Kumbe uchachu wa nyanya na ndimu unakaza ganda la harage, haliivi. Vitu hivyo vinaingia likishalainika.

Sasa sikieni mtindo wangu. Usiku naloweka, asubuhi namwaga yale maji. Nachemsha kwa maji mapya nusu saa, moto mkali. Hapo sifanyi mzaha, maharage mekundu yana sumu yake, na isipotokota sawasawa dakika 10 kwenda juu inakuumbua tumbo. Kisha nachukua kapu kubwa, nalijaza majani makavu ya mgomba niliyoomba kwa jirani, nalitumbukiza sufuria limefunikwa, juu blanketi. Naenda zangu Kilombero sokoni, napiga stori. Saa saba nikifunua, mvuke unanipiga usoni na harage linapondeka kwa vidole viwili. Narudisha motoni yatokote, ndipo nyanya, kitunguu saumu, tui kidogo, ndimu, na chumvi mwisho kabisa, ya kubana kwa vidole. Ikiingia mwisho ulimi unaisikia upesi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mimi zamani nilikuwa naimaliza kwenye sahani ya chipsi. Na vile viungo vya pakiti nimeviacha, soma nyuma uone chumvi iliyomo.

Gesi sasa inavuka mwezi na zaidi. Presha mara ya mwisho ilikuwa imeshuka, nesi akaniuliza nakula nini, nikamweleza hadi foleni ikanung'unika.

Mke wangu anarudi mwezi ujao. Jana kwenye simu aliuliza kapu lake la kanisani liko wapi.