Neno "wakfu" lilivyonifungulia Burke

Neno moja lilinikwamisha wiki tatu nilipokuwa nikimtafsiri Edmund Burke kwa ajili ya wenzangu wa barazani, Kibokoni, Mombasa. Burke alizaliwa Dublin mwaka 1729, akawa mbunge Uingereza, na mwaka 1790 akatoa kitabu cha kuyapinga Mapinduzi ya Ufaransa. Humo anasema haki za Waingereza ni amana waliyoachiwa na wazee wao, nao waifikishe kwa watoto wao. Nikaandika "urithi". Nikatoa fotokopi kurasa nne, nikazigawa baada ya Isha.

Wengi hawakufika ukurasa wa pili. Nilikuwa nimejaza "uhafidhina" na "itikadi", maneno ya taarifa ya habari. Ami yangu peke yake ndiye aliyesoma neno kwa neno, kahawa ikimpolea kikombeni, hadi akaweka kidole juu ya "urithi".

"Mwanangu, urithi hugawanywa. Mtu akifa, kila mmoja achukua fungu lake, na nyumba yauzwa. Huyu wako asema kitu kisichogawanywa. Huo ni wakfu."

Mwili ulinisisimka. Mali ya wakfu, yaani iliyotengwa kwa ajili ya Mungu na manufaa ya watu, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Aliyeiweka ameshakufa, anayeisimamia yu hai, na baadhi ya watakaofaidika hawajazaliwa. Burke naye aliieleza jamii vivyo hivyo: ushirika baina ya walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Basi serikali ni mutawali, msimamizi wa wakfu, si mwenye mali. Pale barazani hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zaidi.

Kurasa zile nikazitupa. Tukawa tunasoma kifungu kimoja kila Jumapili usiku. Kilichofuata ni pale Burke anapowaambia Wafaransa kwamba walikuwa na ngome kongwe, kuta zake zimeharibika lakini misingi ipo, na wangeweza kuzitengeneza. Nikanyoosha mkono kwenye nyumba iliyo mbele yetu, ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, ambayo mwenyewe aliipiga plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani. Sasa saruji inabanduka vipande vipande, na jiwe lililo ndani linamung'unyika likiguswa. Mwashi mmoja akalidaka: saruji huzuia unyevu usitoke, jiwe likaoza ndani kwa ndani, chokaa huliacha lipumue. "Ujue kwanza ukuta umesimama vipi, ndipo uuguse," akasema. Sijaona maelezo ya Burke yaliyo bora kuliko hayo.

Kisha kijana wa tuk-tuk akauliza, "Kaka, na utumwa je? Si ulikuwa mila pia?" Swali zito, hasa katika mji huu. Nikamwambia Burke aliandika kwamba dola isiyo na njia ya kubadilika haina njia ya kujihifadhi. Kwamba alimshtaki bungeni Warren Hastings, aliyekuwa gavana mkuu wa Waingereza huko India, kwa dhuluma za huko, kesi iliyoanza 1788, Hastings akaachiwa 1795. Na kwamba mwaka 1780 aliandaa mpango wa kuukomesha utumwa polepole.

"Polepole kwa nani?" akauliza. "Aliyefungwa pingu hana polepole."

Naona ana haki, na hapo Burke hanitoshi. Nimeiandika hoja ya kijana huyo pembeni ya tafsiri kwa wino mwekundu, na ndiyo tutakayoanza nayo Jumapili.